Plastiki ya Wanga Imegoma: Inanata, Inavunjika, Inaota Ukungu

Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari ameshapika. Umekusanya maganda ya waru (viazi mviringo) kwa muuza chipsi, umechuja wanga, umekoroga na glisirini ya kulainisha, umemimina kwenye kioo, na sasa kilicho mbele yako kinanata, au kimepasuka, au kimeota manyoya ya kijani.

Kabla ya yote, usiongeze kitu kipya kwenye sufuria mpaka ujue maji yamefanya nini. Utando, yaani ile karatasi nyembamba inayobaki uji ukikauka, ukiharibika, wengi hukimbilia kuongeza siki, unga wa ngano, gundi, hata mafuta ya kupikia, na mwishowe hawajui tena kipi kimeharibu kipi. Kwa maoni yangu kasoro nyingi za plastiki ya wanga ni kasoro za maji: yalipimwa vibaya, au yalitoka kwa pupa wakati wa kukausha, au yalirudi utando ulipokwisha kukauka.

Ili tuelewane, hiki ndicho kipimo ninachokitumia kulinganisha: wanga mkavu gramu 10, maji mililita 150, glisirini gramu 3, siki nyeupe kijiko kimoja cha mezani. Koroga kwenye moto mdogo mpaka uji uache weupe wa maziwa na uanze kuangaza, uache utokote dakika chache, kisha mimina kwenye kioo chenye ukingo, cha ukubwa wa karatasi ya A4. Uji wa kina cha milimita mbili na kidogo huacha utando wa takriban sehemu ya tano ya milimita. Kama kipimo chako kiko mbali na hapa, rudi hapa kwanza kabla ya kutafuta mchawi.

Uji haugandi, unabaki majimaji

Hakikisha kwanza kilichomo ni wanga. Nunua chupa ndogo ya iodini kwenye duka la dawa, udondoshe tone moja juu ya mashapo yaliyobaki chini ya ndoo. Yakigeuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi, una wanga. Tone likibaki na rangi yake ya kahawia, unapika nyuzi na uchafu.

Maganda ya ndizi ndiyo yanayodanganya wengi. Ganda la ndizi mbichi ya kupika lina wanga. Ndizi ikiiva, wanga huo hugeuka sukari, na sukari haifanyi utando. Anayeokota maganda ya ndizi za kuiva pale soko la Muthurwa, Nairobi, atachemsha mpaka gesi iishe. Akibahatika kupata kitu, kitakuwa cheusi, kitanata, na hakitakauka.

Kwa upande wa waru, maganda yaliyomenywa vizuri ni membamba na wanga wake si mwingi. Hazina iko kwenye ndoo. Muuza chipsi huloweka waru alizokata ili zisibadilike rangi, na wanga wa sehemu zilizokatwa hushuka chini. Mwombe asiyakoroge maji yale jioni. Asubuhi yamwage taratibu, utakuta tabaka jeupe linalokataa kuchotwa kwa kijiko ukilivamia, lakini ukiinamisha ndoo pole pole linatiririka lenyewe. Huo ndio wanga, safi kuliko utakaoukamua kwenye maganda, na kila siku unaishia kwenye mtaro. Uoshe kwa maji safi, uache utulie, umwage maji, urudie mpaka ya juu yawe angavu.

Kuna wanaolaumu mwinuko wa Nairobi. Ni kweli kwamba hapa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Lakini wanga wa waru hufura na kuganda kati ya nyuzi 60 na 70, na wa muhogo hauko mbali na hapo, kwa hiyo mwinuko hauna kesi ya kujibu. Mshukiwa wa kweli ni siki. Ikizidi na ikichemka muda mrefu, asidi hukatakata minyororo ya wanga, na uji uliokuwa umeanza kuwa mzito unalegea tena. Ukiona umelegea baada ya kuwa mzito, ni hilo.

Wanaotumia maganda ya muhogo wana jambo jingine la kuangalia kabla ya plastiki: maganda hayo yana viambata vinavyotoa sianidi. Yaparuze, yaloweke, mwaga maji ya kwanza mbali na mifugo, na upikie mahali penye hewa.

Utando umekauka lakini unanata kidoleni

Hapa mkosaji wa kwanza ni kijiko. Maelekezo mengi husema "kijiko kimoja cha chai cha glisirini" bila kujali wanga ni kiasi gani. Glisirini ni nzito kuliko maji: mililita 5 zina uzito wa gramu 6 na zaidi kidogo. Ukiitia kwenye gramu 10 za wanga, umefikisha zaidi ya asilimia 60, ilhali utando mzuri hutaka kati ya asilimia 20 na 40 ya uzito wa wanga. Pima kwa mizani. Mizani ndogo za jikoni za kidijitali siku hizi zinapatikana kote katikati ya jiji, na hakuna kifaa kingine kitakachokuokoa hasara kama hicho.

Mkosaji wa pili amejificha ndani ya wanga wenyewe. Wanga uliotoka kwenye ndoo ukiwa mbichi huweza kuwa karibu nusu maji, hata kama kwa macho ni donge kavu. Ukipima gramu 10 za donge hilo, pengine umepata gramu 6 tu za wanga, na zile gramu 3 za glisirini sasa ni nusu ya uzito wake. Utando utanata, na wewe utapunguza glisirini. Kesho utatumia wanga uliokauka vizuri na utando utavunjika. Watu huzunguka hivi mpaka wanakata tamaa, wakidhani wanga wa waru una tabia zake. Usambaze juani kwenye sinia mpaka uwe unga unaopeperuka, ndipo upime.

Kisha angalia chupa. Glisirini inayouzwa kwa ajili ya ngozi, ile ambayo kila nyumba ya Nairobi huinunua baridi ya Julai ikianza kupasua midomo, wakati mwingine huwa imechanganywa na maji na manukato. Soma kibandiko. Ya duka la dawa isiyo na kingine ndani yake inafaa. Ya maduka ya kemikali huwa nafuu ukinunua kwa lita.

Na kama ulipima kila kitu sawasawa na utando ulikuwa mzuri Februari lakini unanata Aprili, usiguse kipimo. Glisirini huvuta maji kutoka hewani, na masika ya Nairobi yana maji tele ya kuvuta. Weka utando kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na kijifuko cha chembe za kukaushia, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Unapasuka au kuvunjika

Uliza kwanza: ulipasuka lini?

Ukipasuka ukiwa bado kwenye kioo, nyufa zikienda kama tope la bwawa lililokauka, maji yalitoka haraka kupita kiasi. Hii ni kasoro ya Januari na Februari, na hasa ya watu wanaoanika juu ya mabati. Uso wa juu hukauka na kujikaza wakati chini bado kuna unyevu. Uso unavuta, chini hakuendi, na kitu lazima kiachie. Dalili yake ya mapema ni kingo kujikunja kuelekea juu kabla katikati hapajakauka. Peleka kivulini, funika kwa kitambaa chepesi, na upunguze upepo. Angalia pia kama kioo kimelala sawa, kwa sababu upande mwembamba hukauka mapema na ufa huanzia hapo.

Ukitoka mzima kwenye kioo lakini ukavunjika ulipokunjwa siku ileile, glisirini ni kidogo. Ongeza nusu gramu kwa kila gramu 10 za wanga, si zaidi, kisha ujaribu tena.

Linalokera zaidi ni la tatu: utando uliokuwa laini, ukakunjika vizuri, halafu baada ya wiki kadhaa ukawa mgumu na kukatika. Wanga una aina mbili za minyororo, amilosi iliyonyooka na amilopektini yenye matawi, na zote mbili hazipendi kutawanyika. Siku zinavyopita hujipanga upya na kujifunga pamoja, zikisukuma maji nje. Ndicho kinachofanya ugali wa jana uwe mgumu. Huwezi kuuzuia mchakato huu kabisa, ila unaweza kuuchelewesha. Badala ya glisirini peke yake, tumia nusu glisirini na nusu sobitoli (kilainishi kingine cha aina hiyo), na usihifadhi utando mahali pakavu kupita kiasi, maana maji yenyewe ni kilainishi. Anayekuuzia wazo kwamba mfuko wa wanga utakaa rafuni mwaka mzima ukiwa vilevile hajawahi kuuweka rafuni.

Madonge na viputo

Madonge: wanga ulitiwa kwenye maji moto. Koroga kwenye maji baridi kwanza. Yakishatokea, chuja kwa chujio la chai kabla ya kumimina. Kuyaponda kwa mwiko ni kupoteza wakati.

Viputo: uliukoroga uji kwa nguvu. Uache utulie dakika kumi ukiwa bado moto, mimina kwa kushuka kando ya kioo, na ugongegonge meza kwa kiganja. Kila kiputo kinachobaki ni mahali ambapo utando utachanikia.

Umeota ukungu

Julai ndiyo mahakama ya kazi hii. Mawingu kutwa, manyunyu, usiku joto likishuka karibu na nyuzi 11, na utando ambao Februari ungekauka kwa siku moja unakaa siku nne ukiwa na unyevu. Umeweka chakula kibichi mezani na kuacha mlango wazi, ukungu utakuja. Kama utando haujakauka ndani ya siku mbili, hesabu kwamba umeshapandwa hata kama huoni kitu.

Tazama ukungu umeanzia wapi. Ukianza katikati, mahali pazito, tatizo ni unene: mimina uji mwembamba zaidi, au fanya tabaka mbili, la pili baada ya la kwanza kukauka. Ukianza kila mahali kwa vidoa vidogo, wanga haukuoshwa vya kutosha. Mabaki ya sukari na protini ya waru ndiyo yanayoliwa kwanza. Ukianza upande uliogusa sehemu ya kuanikia, osha kioo kwa maji moto na sabuni, na uachane na ubao mbichi.

Siki haitakulinda muda mrefu. Inasaidia uji usichache ukiwa sufuriani, lakini asidi yake huruka pamoja na maji utando unapokauka. Mafuta ya karafuu, matone machache yaliyokorogwa vizuri kwenye uji uliopoa kidogo, hupunguza ukungu na kuacha harufu utakayoizoea. Potasiamu sobeti, kihifadhi cha chakula kinachotumiwa na wasindikaji wa juisi na jemu, nacho hufanya kazi vizuri uji ukiwa na asidi kidogo.

Lakini dawa ya kweli ni kukausha. Tengeneza sanduku la mbao lenye balbu ya nyuzi ya zamani, wati 60, iliyo mbali na kuta, na utoboe matundu chini na juu. Matundu ya juu ndiyo watu husahau. Bila hayo unapasha joto hewa ileile iliyojaa maji na kuutokosa utando. Lenga nyuzi 40 hadi 50. Balbu za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo usishangae sanduku likibaki baridi.

Ukungu ukishaingia, usiufute na kuendelea. Tupa kwenye mboji.

Umekuwa wa kahawia au mwekundu

Ni kemia ileile inayobadilisha rangi ya waru iliyokatwa. Vimeng'enya vya mmea hukutana na hewa. Mbegu ya parachichi, ambayo nayo ina wanga mwingi, hugeuka rangi ya chungwa mara tu ukiiparuza. Paruza moja kwa moja ndani ya maji yenye ndimu au chembe za metabisulfiti (kemikali ya kuzuia chakula kubadilika rangi), na uoshe haraka. Rangi haidhoofishi utando, kwa hiyo kama unatengeneza mifuko ya miche, usijisumbue.

Ulitia makapi ya miwa au magunzi, sasa unachanika

Wazo lenyewe ni zuri. Wauza juisi ya miwa hutupa makapi kila jioni, wachoma mahindi nao huacha magunzi kando ya barabara, na selulosi iliyomo, yaani nyuzi za mmea, ikiingia vizuri huupa utando nguvu na kupunguza maji unayofyonza. Tatizo ni kwamba selulosi hiyo imefungwa ndani ya lignini, gundi ya asili ya mti, na nyuzi zisizosafishwa hazishikani na wanga. Utando huchanika ukifuata mstari wa nyuzi.

Kuziondolea lignini hutaka kostiki soda, asilimia 4 au 5 kwenye maji, na kutokosa saa moja hadi mbili. Hapa naomba usikie vizuri: usitumie sufuria ya alumini, na karibu kila sufuria ya kawaida ya Nairobi ni alumini. Kostiki huila, hutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto, na kinachobaki ni mchuzi mweusi na sufuria yenye tundu. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu. Tia kostiki kwenye maji baridi kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani. Maji meusi yatakayotoka yapooze, yapunguzwe makali kwa siki, na watoto wakae mbali.

Osha nyuzi mpaka zisiteleze tena vidoleni mwa glavu, zikaushe, zisage, halafu zipitishe kwenye chujio laini kabisa. Chochote unachoweza kukihisi kwa kidole ni kinene mno. Anza na nusu gramu kwa gramu 10 za wanga. Ukivuka gramu moja, uji hauwezi kuzishika zote na utando huanza kufanana na kadibodi.

Kama huna mahali salama pa kupikia kostiki, achana na nyuzi. Wanga peke yake unatosha kujifunzia.

Unalegea ukinyeshewa

Hii si kasoro, ni tabia. Wanga hupenda maji, na hakuna kipimo cha glisirini kitakachobadilisha hilo. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kupakwa nyembamba pande zote mbili hununua saa kadhaa. Asidi ya sitriki inaweza kuunganisha minyororo ya wanga na kupunguza ufyonzaji, ila hutaka utando uliokauka upashwe tena joto la zaidi ya nyuzi 100, na joto likizidi unageuka njano na kukauka kupita kiasi.

Wapo wanaotia gundi nyeupe ya mbao, na utando unatoka imara kweli. Umetia polima ya sintetiki isiyooza kama wanga. Ukishafanya hivyo, usiandike "inaoza" kwenye kibandiko.

Ushauri wangu ni kubadilisha matumizi badala ya kupigana na maji. Vitalu vya miche vilivyojipanga kando ya Barabara ya Ngong na Kiambu hutumia mifuko myeusi inayochanwa na kutupwa wakati wa kupanda. Mfuko unaolegea ardhini baada ya wiki chache ndio wanaouhitaji. Kampuni ya HyaPak imeshika njia hiyohiyo kwa gugu maji la Naivasha. Mfuko wa kubebea bidhaa sokoni ni vita vingine: tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, faini ikifika shilingi milioni 4, na neno "inaoza" kwenye kibandiko si kibali. Pita NEMA (mamlaka ya mazingira) na KEBS (shirika la viwango) kabla ya kuuza hata mmoja.

Umeufukia na hauozi

Mara nyingi udongo ni mkavu. Vijidudu vinavyokula wanga vinahitaji unyevu, hewa na joto kidogo, na bustani ya Nairobi mwezi Februari haina la kwanza. Nta nene nayo huchelewesha, na unene kadhalika. Kama ulinunua chembe za plastiki ya PLA, ile ya kiwandani inayotokana na mimea, na kuchanganya na wanga wako, jua kwamba PLA huvunjika vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi. Kwenye shamba la kawaida hukaa miaka. Na usijipe moyo kwamba hata ukiishia kwenye jaa la taka la Dandora mambo ni sawa: chini ya rundo lililoshindiliwa hakuna hewa, na kinachooza bila hewa hutoa methani.

Jaribio lifanywe hivi. Kata vipande vya sentimita 5 kwa 5, vipime, vitie kwenye kipande cha neti ya mbu ili visipotee, uvifukie sentimita 10 chini. Kando yake, kwenye neti nyingine, fukia karatasi ya kawaida ya daftari ya ukubwa uleule. Mwagilia pawe na unyevu bila kutuama. Kila wiki toa, suuza tope kwa uangalifu, kausha, pima. Karatasi ikiliwa na utando ukabaki vilevile, kasoro iko kwenye utando: tafuta gundi, nta au PLA. Visipoguswa vyote viwili, utando hauna kosa. Tia samadi na maji kwenye udongo, uanze kuhesabu upya.